Mlango Uliokohoa

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya kompyuta yangu mwenyewe, tena nimeingia na kandambili, nimebeba beseni la nguo lenye povu.

Kabla sijaenda mbali nieleze siku ilivyokuwa, maana ndoto kama hii haiji hivihivi. Mimi nina steshenari jirani na stendi ya Same: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, laminesheni. Naishi chumba cha nyuma ya duka hilohilo. Watu wananiita Mama Steshenari. Wenzangu wote wa ile safu ya maduka ni Mama Fulani, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mimi na marehemu mume wangu Mbonea hatukujaliwa mtoto, basi mtaa ukatupa duka liwe mtoto wetu. Yeye alikuwa Baba Steshenari. Wenyewe kwa wenyewe tuliitana Mwenzangu, yeye mimi na mimi yeye, ikatutosha.

Mbonea amebakisha sauti moja tu hapa duniani, nayo ni tangazo la duka. Alilirekodi kwenye kompyuta ili tuliweke kwenye spika ya nje: "Karibuni, karibuni kwa Mama Steshenari! Fotokopi tunatoa, picha za pasipoti tunapiga, lami... kho!... laminesheni tunafanya!" Anakohoa papo hapo. Mwishoni alisahau kuzima, unamsikia anauliza, "Mwenzangu, vipi hapo, imetoka vizuri?" Baada ya hapo ni kimya, halafu inakatika. Mimi nilikuwa stoo natafuta karatasi, sikumsikia. Haukupita muda akaugua, akaenda.

Spika imeshakufa kwa vumbi, pamoja na flashi iliyokuwa imechomekwa. Tangazo limebaki kwenye kompyuta peke yake. Kila jioni nikishafunga duka nalifungulia, nasikiliza, nalala. Mwanamke mzima, nasikiliza tangazo la duka langu mwenyewe! Ndivyo upweke ulivyonifanya, sifichi.

Sasa jana mashine ilijaa virusi. Nikamwita Fundi Kalisti, bwana mmoja mwenye kibanda cha kompyuta na simu ng'ambo ya barabara. Akaweka mfumo mpya, wenye nembo ya ndege mnene, kando ya ule wa zamani wenye nembo ya dirisha, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Uliporudi, mfumo mpya ukawaka vizuri kabisa. Tangazo halionekani.

"Mama, diski ni moja lakini imegawanywa vyumba, kama nyumba ya kupanga," akanieleza. "Mfumo wa zamani ulikuwa unaviita vyumba kwa herufi. Vitu vyako vilikuwa wapi?"

"D," nikamwambia. Hilo nalijua hata nikiwa usingizini.

"Basi huu mpya haujui D. Unataka lebo, jina la chumba chenyewe, na vyumba vyako havijawahi kupewa. Viko viwili, ukubwa sawasawa. Kimoja kina mambo yako, kingine bila shaka takataka tupu. Na vyote vimegoma kufunguka, kwa sababu ule wa zamani haukuzimwa vizuri. Kimoja lazima nikifute, nafasi hakuna, hivi mashine haifanyi kazi. Kesho asubuhi uniambie nifute kipi."

"Mimi nitajuaje?"

"Ukishindwa, nitabahatisha."

Kubahatisha! Sikumweleza kilichomo mle ndani, maana ningelia mbele ya fundi. Nikapanda kitandani na hasira, hata chakula sikugusa.

Basi ndotoni najikuta kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Sakafu ya saruji, milango huku na huku, na feni kubwa mwisho wa korido inapuliza hewa ya moto. Kwenye kigoda amekaa ndege mnene, mgongo mweusi, kifua cheupe, mabawa mafupi hata kuku anamcheka. Ananyoosha shati kwa pasi ya mkaa. Nikaona ndiyo maana mashine yangu jana ilikuwa inachemka.

"Hodi," nasema.

"Karibu. Mimi ndiye msimamizi mpya. Lebo yako?"

"Mama Steshenari."

"Hiyo ni ya duka. Ya kwako wewe?"

Nalitafuta kichwani. Eliwaza, jina nililobatizwa, hakuna anayeliita tena, na lile jingine aliyekuwa akiliita hayupo.

"Hakuna shida," anasema Ndege. "Asiye na jina tunamwita kwa namba." Akaanza kuitaja namba yangu. Ilikuwa ndefu, tarakimu zimechanganyika na herufi na vistari, akaitaja mpaka shati likaungua. "Hiyo ndiyo wewe. Duniani kote hakuna mwingine mwenye hiyo, uko peke yako."

Nikamwambia hilo nilishalijua.

Natua beseni chini, namwambia nimefuata chumba cha D. Ananitazama kwa huruma, kama karani anavyomtazama mtu aliyekosea ofisi.

"Humu hakuna D, Mama. Angalia mwenyewe."

Naangalia. Mlango mmoja umeandikwa kwa chaki NYUMBANI, na ndani naona kitanda cha Ndege na ndoo zake. Mlango mwingine mdogo, wa choo, hauna kitasa. Halafu kuna milango miwili ya mbao, inafanana hadi nyufa, haina maandishi yoyote. Nyuma ya mmojawapo wa ile miwili yuko Mbonea anauza fotokopi.

Nataka kuisogelea, nakanyaga mtu. Yaani mtu amelala katikati ya korido, juu ya mkeka, amejifunika shuka mpaka kidevuni. Usoni hana pua wala macho, ana dirisha la vioo vinne, na nyuma ya vioo kuna mwanga wa buluu unaofifia. Kiunoni amefunga fungu la funguo.

"Huyu ndiye mpangaji wa zamani," anasema Ndege.

"Amekufa?"

"Amelala. Umeme ulikatika kabla hajaagwa. Asiyeagwa haondoki, na asiyeondoka haachii funguo. Ndio utaratibu wetu."

Nikakaa chini kando ya beseni. Nikamwambia Ndege kwamba hata kule juu tunao wa namna hiyo, wanaoondoka hawajaagwa. Akasema anajua, vilio vya waliobaki vinafika mpaka huku.

"Anaagwaje?"

"Kwa heshima. Mweleze amemaliza kazi."

Nampigapiga begani. "Mzee, shikamoo. Tunakushukuru sana kwa kazi. Umetuchapia barua, umetutolea picha za watu wengine hata hawakuja kuzichukua. Sasa pumzika."

Kioo kimoja kinafunguka. "Una uhakika unataka kunizima?"

"Nina uhakika, Mzee."

"Kuna kazi hujahifadhi."

"Kazi gani? Barua zote nilishatoa."

"Swali," anasema mpangaji wa zamani. "Uliulizwa swali, hukulijibu. Halijahifadhiwa. Siwezi kuzimika na kitu kimefunguka."

Jamani. Nikamuuliza liko wapi hilo swali, ingawa nilijua.

"D."

"Na D ni ipi?"

"Mlango wa pili kutoka kwangu."

Ndege akaweka pasi chini. "Wa pili kwako ni wa tatu kwangu. Mimi nahesabu na choo."

"Choo hakihesabiwi," anasema mpangaji. "Kile nilikificha. Wageni hawaonyeshwi choo."

"Kwangu hakuna cha kufichwa. Mlango ni mlango."

"Umekuja jana unataka kunifundisha nyumba?"

"Na wewe umelala mlangoni kwa watu tangu jana!"

Wakaanza kuzozana kama wanawake wa bombani, huyu anahesabu kuanzia feni, yule kuanzia mkeka. Mimi nimekaa katikati nageuza shingo. Mpangaji alipokasirika akageukia upande wa pili, na mlango wa pili kutoka kwake ukawa ule mwingine.

"Ala! Sasa ni upi?" nikauliza.

"Wa pili," akasema, akafunga kioo.

Nikanyanyua beseni kwa hasira, na niliponyooka korido haipo tena. Tuko stendi ya Same, mchana kweupe, upepo unavuruga vumbi kama kawaida yake. Ile milango miwili imesimama katikati ya stendi peke yake, haina ukuta wala paa. Abiria wanaizunguka na mabegi, hakuna anayeshangaa. Mpangaji wa zamani bado amelala kwenye mkeka wake, na wapiga debe wanamruka.

Naona Fundi Kalisti anakuja na ndoo ya rangi nyekundu na brashi.

"Shikamoo, Mama Steshenari."

"Marahaba. Rangi ya nini?"

"Ya kufutia. Naweka X, kesho yake chumba hakipo. Si unajua nyumba za barabarani zinavyofanywa kabla ya kubomolewa?"

"Tulisema asubuhi. Asubuhi haijafika."

"Kwako haijafika. Mimi naamka mapema." Anachovya brashi. "Haya, kipi?"

"Sijui, Kalisti."

"Basi nabahatisha. Usijali Mama, kazi hii nimeizoea." Akavuta mstari mmoja mnene kwenye mlango wa kushoto, toka kona ya juu hadi kona ya chini. Rangi ikatiririka. Ulibaki mstari mmoja iwe X.

Nikamdaka mkono kwa mikono yangu ya sabuni. Ukateleza. Nikamdaka tena.

"Kalisti, kaka yangu, ngoja! Mle ndani yuko mume wangu. Ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho. Ukifuta sicho, mimi nitakaa na nani jioni?"

Nilisema hivyo hivyo, mbele ya stendi nzima. Mchana, nikiwa macho, nisingethubutu.

"Hilo hukunieleza," akasema Kalisti. Lakini brashi hakuishusha, na mkono wake ulikuwa unaendelea kujisogeza wenyewe kuelekea mlangoni, taratibu, maana kazi ilishaanzishwa.

Ndege akaja ananesanesa, akatoa kipande cha chaki chini ya bawa. "Chumba chenye lebo hakifutwi bila kuulizwa," akasema. "Andika. Ila angalia mambo mawili. Unaandika mara moja tu. Na ukiandika kwenye takataka, takataka zitaitika jina hilo maisha yako yote."

"Basi niite kwanza, nisikie anaitikia wapi."

"Chumba hakina jina, utakiitaje? Kuita hakuruhusiwi."

Kalisti ananivuta na mkono wake. Natazama mlango huu, natazama ule, nyufa zilezile. Nilitamani kulia, nikaona hata kulia kunachukua muda.

Hapo ndipo niliposikia spika za maduka ya stendi. Huyu anatangaza vocha, yule anatangaza dawa ya kunguni, mwingine viazi. Kila mtu pale anapiga kelele na hakuna anayekatazwa.

"Bwana Ndege," nikamuuliza, "kutangaza je?"

Akafikiri. "Kutangaza hakujakatazwa."

Nikamwachia Kalisti. Nikapanda juu ya beseni langu nililolifudikiza, nguo zote zikamwagika vumbini, nikaweka mikono mdomoni.

"Karibuni, karibuni kwa Mama Steshenari!"

Stendi ikanyamaza. Kondakta mmoja akabaki na mguu hewani.

"Fotokopi tunatoa!" nikaendelea. "Picha za pasipoti tunapiga! Lami..."

Nikakata hapo. Nikatega sikio.

"Kho!"

Mlango wa kushoto ulikohoa. Ule uliopigwa mstari mwekundu.

Nikaruka chini. Brashi ya Kalisti ilikuwa imeshagusa kona ya pili, nikaisukuma kwa bega, nikaweka chaki kwenye mbao. Niandike nini? MBONEA lilinijia la kwanza. Lakini hilo limeshaandikwa kwenye msalaba kule makaburini, na kule yeye haitiki, nimeshajaribu. BABA STESHENARI ni refu, na chaki yenyewe imebaki kama punje ya hindi. Nikaandika kwa herufi kubwa, mkono umelowa, povu linachanganyika na unga wa chaki: MWENZANGU. Chaki iliisha kwenye U ya mwisho, nikaimalizia kwa ukucha.

Kalisti akasoma. Mkono wake ukatulia.

"Kumbe kina mtu," akasema. Akachukua ndoo yake, akasogea kwenye mlango wa pili, akaanza kupaka huku anapiga mluzi.

Mpangaji wa zamani akafungua fungu la funguo bila kuamka, akanirushia mmoja.

Ndani ni dukani kwangu, ila ni duka la wakati ule. Kalenda iliyoisha muda wake, kiti chenye mguu uliofungwa waya, kandambili zake zimeachwa mlangoni moja imepinduka. Mbonea amekaa kwenye kompyuta amenipa mgongo. Amevaa lile shati la mistari nililompa mdogo wake baada ya arobaini. Nikasimama mlangoni, sikumsogelea. Niliogopa nikimgusa nitaamka.

Akavuta kiti nyuma kidogo, akasema bila kugeuka, akidhani niko stoo:

"Mwenzangu, vipi hapo, imetoka vizuri?"

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Kwamba bati la stoo linavuja. Kwamba watu walijaa siku ya mazishi hata jirani akatoa turubai lake. Kwamba jioni ni ndefu, Mwenzangu, jioni hazina mwisho. Lakini hakuwa ameniuliza hayo, na mtu hujibiwa alichouliza.

"Imetoka vizuri," nikasema. "Ila umekohoa kwenye laminesheni."

Akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Sasa turudie?"

"Usirudie. Iache hivyohivyo."

Nyuma yangu nikasikia mpangaji wa zamani anashusha pumzi. "Imehifadhiwa," akasema. Nikageuka. Mwanga wa buluu ukazimika kwenye kioo kimoja, kisha kingine, kisha vyote, na fungu zima la funguo likaanguka kwenye saruji, ko, ko, ko.

Ilikuwa ni hodi. Kumekucha, Fundi Kalisti anagonga mlango wa duka.

Nikajifunga kanga, nikamfungulia. Kichwa kizito, mdomo mchungu. Nilitaka kumwambia afute chochote anachotaka, maana sikuwa nimepata jibu, nimepata ndoto tu.

"Shikamoo, Mama. Umeamuaje?"

"Marahaba. Hebu washa kwanza."

Akawasha. Akakodoa macho kwenye skrini, akasogeza kiti.

"Mama, umeishika hii mashine baada ya mimi kuondoka?"

"Nimelala mimi."

"Mbona ule mfumo wa zamani umezimwa vizuri? Jana uligoma. Na mbona chumba kimoja sasa kina lebo?" Akanigeuzia skrini. "Mwenzangu. Nani kaandika Mwenzangu?"

Nilimwambia akifungue. Kikafunguka bila ubishi wowote, na tangazo lilikuwa mle ndani, mahali pake.

"Cheza," nikasema.

Karibuni, karibuni kwa Mama Steshenari. Fotokopi. Picha za pasipoti. Akakohoa palepale. Halafu akauliza, vipi hapo, imetoka vizuri? Mimi nikainamisha kichwa kusubiri kile kimya, kwa sababu kimya chake nakijua urefu wake kuliko wimbo wowote.

"Imetoka vizuri," ikasema sauti ya mwanamke kwenye kompyuta. "Ila umekohoa kwenye laminesheni."

Mbonea akacheka kwa puani. Akauliza turudie, mwanamke akamwambia aiache hivyohivyo. Kisha ikakatika.

Fundi Kalisti akaniangalia. "Huyo mwanamke ni wewe, Mama?"

"Ni mimi."

"Kumbe siku hiyo ulikuwepo."

Nikamwambia nilikuwepo, nilichelewa tu kujibu, na sasa afute kile kingine.